Leo wanaona umbali gani? Hali ya hewa ya jangwani wakati wa vita

Kwa kinyozi wangu kuna televisheni ya ukutani isiyozimwa, na kila inapoonyesha vita vya nchi za jangwani lazima swali lilelile litoke kwenye benchi. Juzi zilirudiwa picha za zamani za Iraq: anga la rangi ya chungwa, askari wa Marekani wamejifunga vitambaa puani, malori yamewasha taa saa sita mchana. "Sasa hawa na setilaiti zao zote, vumbi linawashinda?" akauliza kijana mmoja. Mwenzake akamjibu kwamba hilo vumbi wamelitengeneza wenyewe. Mzee mmoja ambaye mdogo wake anaishi Muscat akatikisa kichwa: "Wanangu, kule joto peke yake linamaliza vita. Hamlijui nyie." Kinyozi akaongeza sauti ya televisheni, nami nikaondoka na nywele zangu nusu nikiwaza namna ya kuwajibu.

Tuanze na maneno. Hali ya hewa ni yale yanayotokea leo na kesho: jua, upepo, mvua, ukungu. Tabianchi ni mazoea ya mahali kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. Jirani yako leo kaamka na hasira, hiyo ni hali. Mtaa mzima unamjua kuwa mpole, hiyo ndiyo tabia. Askari hupangiwa vita kwa kufuata tabia, kisha anapigana ndani ya hali, na shida nyingi huanzia kwenye tofauti ya hivyo viwili.

Jangwa nalo halipimwi kwa mchanga wala ngamia. Hupimwa kwa mvua, na kipimo cha kawaida ni chini ya milimita 250 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000; Baghdad haifiki 200. Kwa hesabu hiyo Antaktika, barafu tupu, ni jangwa kubwa kuliko yote duniani. Matuta ya mchanga tunayoyaona kwenye kalenda ni kama sehemu moja ya tano tu ya majangwa. Kwingine kote ni changarawe, miamba na udongo mkavu wenye ganda juu. Hilo ganda tutalirudia.

Siku moja, tangu alfajiri

Mtu wa pwani anajua usiku wa Februari ulivyo: jua limezama zamani, lakini joto limekataa kuondoka, shuka unalitupa. Sababu ni mvuke uliomo hewani. Unafanya kazi ya blanketi. Ardhi inatoa joto lake kwenda juu, blanketi linalirudisha. Jangwani blanketi halipo. Hewa kavu, mawingu hakuna, joto linapanda moja kwa moja angani kama moshi wa nyumba iliyoezuliwa bati. Mchanga mkavu nao ni kama sufuria tupu motoni: hushika moto upesi na kupoa upesi, kwa sababu joto limebaki juujuu tu. Ndiyo maana tofauti ya nyuzi 15 hata 20 kati ya alasiri na alfajiri ni jambo la kila siku kule.

Mwezi wa Januari 1991, makomando wa Uingereza waliotumwa jangwa la magharibi mwa Iraq walikutana na upepo wa barafu na theluji. Wapo waliokufa kwa baridi. Jangwani, Uarabuni, kwa baridi.

Alfajiri hewa imetulia na macho yanafika mbali. Hizo ndizo saa nzuri za kuona, na kwa hiyo ndizo saa mbaya za kuonekana. Jua likipanda, ardhi inachemka, na hewa iliyo karibu nayo inaanza kucheza. Umepita barabara ya Chalinze mchana wa jua kali ukaona maji kwenye lami mbele yako? Hayo ni mazigazi. Mwanga unapopita kwenye hewa ya moto hupinda, na jicho linaona anga chini badala ya juu. Katika vita vya Afrika ya Kaskazini kati ya 1940 na 1943, mchana wa katikati mara nyingi ulikuwa wa kimya kwa sababu hiyo: mpiga mzinga hakuweza kujua kama kile kinachotikisika mbele yake ni kifaru, lori au kichaka, wala kiko umbali gani. Mapigano yalirudi jua lilipoanza kuegemea, na aliyekuwa na jua mgongoni alikuwa na nusu ya ushindi.

Siku hizi kuna kamera za joto, zinazoona gizani kwa sababu kila kitu hutoa joto lake. Lakini hizo hazisomi joto lenyewe, zinasoma tofauti. Kifaru cha chuma na mchanga unaokizunguka hupata moto na kupoa kwa kasi mbili tofauti, kwa hiyo mara mbili kwa siku, baada ya macheo na karibu na machweo, joto lao hukutana. Kwa muda huo kifaru kinayeyuka ndani ya picha. Hakijafichwa na kitu chochote. Kimelingana tu na mchanga.

Sasa tumjibu mzee wetu. Joto la kule ni kali, hakuna ubishi. Mitribah, Kuwait, Julai 2016, palipimwa nyuzi 53.9, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani likakithibitisha kipimo hicho. Zile hadithi za nyuzi 60 kwenye hewa tuziache. Hata rekodi maarufu ya nyuzi 58 ya Al-Aziziyah, Libya, ya mwaka 1922, ilifutwa mwaka 2012 baada ya kuchunguzwa upya. Ila kumbuka kipimajoto huwekwa kivulini, usawa wa kifua hivi. Bati la gari lililokaa juani ni habari nyingine; wengi waliounguza mikono kule hawakuunguzwa na hewa.

Joto huathiri vita kwa njia za kimyakimya. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo helikopta haipati pa kujiegemeza vizuri na lazima ipunguze mzigo: askari wachache au mafuta machache. Askari anayefanya kazi nzito anaweza kuhitaji lita kumi za maji kwa siku, na kila lita ni mzigo wa lori fulani kwenye barabara fulani inayolengwa na mtu fulani. Kuhusu jasho, fikiria mtungi: maji hupenya, hukauka juu, yaliyobaki ndani yanapoa. Jangwani ndani jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu anaishiwa maji akiwa na shati kavu. Muscat, penye unyevu wa bahari, ni kinyume chake. Jasho linakaa tu mwilini, kama kwetu. Kwa hiyo joto analosimuliwa mzee kwa simu na joto la katikati ya Iraq si joto moja.

Hata hivyo majeshi yamepigana kwenye joto hilo miaka na miaka. Linachosha, linaua, lakini linatabirika: kila mtu anajua kwamba saa nane mchana itafika. Kinachovuruga mipango ni kile kinachomfanya mtu aamke asione mkono wake.

Mchanga si vumbi

Nenda kwenye mashine ya kusaga mahindi. Chenga zinaanguka miguuni, hata ukizipuliza haziendi mbali. Unga laini ndio unaopanda: umo kwenye nyusi za msagaji, kwenye kenchi, kwenye buibui wa pembeni, mpaka kwenye duka la jirani. Mchanga na vumbi ni hivyohivyo. Punje ya mchanga ni nzito. Upepo unaichukua, inaruka kidogo, inaanguka, inagonga wenzake. Mara chache inapanda juu ya kichwa cha mtu. Vumbi ni punje ndogo zaidi, na likishapanda linaweza kufika kilomita kadhaa juu na kusafiri siku nyingi. Vumbi la Sahara huvuka Atlantiki na kuangukia misitu ya Amazon. Kwa hiyo kile tunachokiita "dhoruba ya mchanga" kwenye habari, sehemu kubwa ni dhoruba ya vumbi, na halitoki kwenye matuta mazuri ya kalenda. Linatoka kwenye mabonde ya udongo yaliyokauka.

Upepo unaolibeba una majina yake. Shamal wa Iraq na Ghuba ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaskazini, na kweli huvuma kutoka kaskazini-magharibi, kiangazi kwa siku nyingi mfululizo, na majira ya baridi kwa vishindo vifupi nyuma ya hewa baridi inayoingia. Khamsin wa Misri jina lake tunalo mdomoni kila siku: ni hamsini, kwa zile siku hamsini ambazo husemwa kuwa ndizo msimu wake. Haboob wa Sudan ndio ule ukuta. Wingu la mvua ya radi likikomaa, hewa baridi huporomoka kutoka ndani yake, ikifika chini hutapakaa kila upande, kama ndoo ya maji iliyomwagwa kwenye sakafu ya jikoni. Ukingo wa hayo "maji" ndio unaokomba vumbi na kulisimamisha. Mara nyingi unapigwa na haboob huku tone la mvua hujaliona. Mvua imenyesha kilomita nyingi kutoka ulipo.

Picha zile za chungwa kwa kinyozi ni za Machi 2003. Uvamizi wa Iraq ulioongozwa na Marekani ulikuwa haujatimiza wiki moja pale upepo mkali uliposhuka, tarehe 25 na 26 ukiwa mbaya zaidi. Kuna mahali watu hawakuona zaidi ya mita chache. Kisha mvua ikanyesha kupitia kwenye vumbi na kufika chini ikiwa tope. Helikopta zilikaa chini. Misafara ilisimama au ilitambaa. Vichujio vya hewa vya injini viliziba, na silaha zililazimika kusafishwa kila mara.

Ila swali la kijana linataka jibu la makini. Vumbi huzuia mwanga. Bomu linaloongozwa kwa leza hufuata doa la mwanga. Washa tochi ndani ya mashine ya kusaga uone inafika wapi. Rada hutumia mawimbi marefu zaidi, ambayo hupita kwenye punje hizo kana kwamba hazipo. Na bomu linaloongozwa na setilaiti haliangalii kitu, linafuata namba za mahali. Vikosi vya Iraq vilivyojaribu kusogea chini ya lile vumbi, vikiamini vimefichwa, vilionwa na ndege za rada na kupigwa kutoka juu ya mawingu. Kwa hiyo dhoruba ileile ilimpofusha askari wa miguu wa pande zote mbili, ikamwacha aliye juu akiona. Wanaosema teknolojia imelishinda vumbi na wanaosema vumbi liliishinda teknolojia wanaangalia nusu nusu za siku moja.

Miaka 23 kabla ya hapo mambo yalikwenda tofauti. Jioni ya 24 Aprili 1980, helikopta nane za Marekani ziliondoka kwenye manowari Nimitz kwenda jangwa la Iran, safari ya kuwakomboa mateka wa ubalozi wa Marekani mjini Tehran. Ziliruka chini chini kukwepa rada. Moja ilitelekezwa njiani baada ya taa ya hitilafu ya panga kuwaka. Zilizobaki ziliingia kwenye kitu ambacho marubani hawakukitarajia: vumbi laini kama poda lililoning'inia hewani, bila upepo wa kulitangaza. Moja ikageuza. Sita zikafika, na moja kati ya hizo ikawa mbovu. Mpango ulihitaji sita. Wakaamua kurudi, na wakati wa kuondoka helikopta moja, ikiwa ndani ya vumbi lililotimuliwa pale chini, iligonga ndege ya mizigo. Wanajeshi wanane walikufa.

Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali James Holloway ilitoa jambo ambalo mimi naliona zito kuliko vumbi lenyewe. Uwezekano wa vumbi la aina hiyo ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi za hali ya hewa za operesheni. Marubani hawakuambiwa.

Mvua, ndiyo, mvua

Jangwa linapopata mvua ya mwaka mzima kwa siku mbili, ardhi haijui kuinywa. Ganda la juu ni gumu, maji yanateleza, yanakusanyika kwenye mabonde makavu ambayo watu wamejenga, wamelala au wameegesha vifaru. Mafuriko yanaweza kukukuta chini ya anga jeupe, kwa mvua iliyonyesha milimani jana. Na pale maji yanaposimama, udongo ule laini uliokuwa vumbi unageuka gundi.

Novemba 1942, baada ya kushindwa El Alamein, Rommel, jenerali wa Ujerumani, alikuwa anarudi nyuma kandokando ya pwani ya Misri na Waingereza wakimfukuza kwa kukata jangwani ili wamzunguke. Tarehe 6 mvua kubwa ilinyesha. Aliyekuwa kwenye barabara ya lami aliendelea kukimbia. Waliokuwa jangwani, pamoja na malori ya mafuta, walinasa. Jeshi la Kenya nalo lilionja kitu kama hicho. Operesheni Linda Nchi ilipoingia kusini mwa Somalia Oktoba 2011 ilikuta mvua za vuli, na magari mazito yakazama kwenye tope njiani kuelekea Afmadow. Pale ni nyika kavu zaidi kuliko jangwa kamili, lakini somo la tope halibagui.

Kwa raia ni vibaya zaidi. Port Sudan, mji wa Bahari ya Shamu unaopata mvua haba sana, ulifurika watu waliokimbia vita vilivyoanza Aprili 2023. Agosti 2024 mvua kubwa ilibomoa bwawa la Arbaat kaskazini ya mji, bwawa ambalo mji huo huo ulilitegemea kwa maji ya kunywa. Vijiji vilisombwa, na mji ukabaki na kiu.

Kusi letu, ukungu wao

Mfano ninaoupenda kuliko yote upo Oman, na unaanzia kwetu. Kila mvuvi wa pwani anajua kusi, upepo unaotikisa bahari katikati ya mwaka. Upepo huo haukomei kwetu. Ukivuka Ikweta, mzunguko wa dunia unaupinda kulia, unapita kandokando ya Somalia na kuingia Bahari ya Arabu ukiwa umegeuka kuwa wa kusini-magharibi. Ukifika pwani ya Dhofar unasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na maji baridi yanapanda kutoka chini kujaza nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inapoa, inakuwa ukungu, inaegemea milima. Kuanzia Juni hadi Septemba milima ya Dhofar inakuwa kijani, rasharasha haikatiki, ng'ombe wanateleza. Wenyewe wanaita khareef. Nyuma ya milima hiyohiyo linaanza Rub' al Khali, moja ya majangwa makavu kabisa duniani.

Katika vita vya Dhofar, vilivyochukua takribani miaka kumi hadi katikati ya miaka ya 1970, khareef ilikuwa upande wa waasi. Jeshi la Sultani wa Oman lilitegemea ndege, na ndani ya ukungu ndege ni kipofu. Miaka ya mwanzo, Juni ikikaribia wanajeshi walishuka milimani, waasi wakarudi, na kazi ya miezi minane ikaanza upya. Mambo yalibadilika waliposhikilia ngome za mlimani majira yote. Moja ya ngome hizo, Sarfait karibu na mpaka wa Yemen, ilitekwa Aprili 1972 katika operesheni iliyoitwa Simba. Ndiyo, simba huyu huyu wetu.

Tarehe 19 Julai mwaka huohuo, alfajiri, waasi zaidi ya 200 waliushambulia mji mdogo wa Mirbat, ambako kikosi cha Waingereza waliokuwa wakimsaidia Sultani kilikuwa na watu tisa pamoja na askari wachache wa Oman. Mwezi haukuchaguliwa kwa bahati: mawingu yalikuwa yamelala karibu na paa, na kwa hesabu ya kawaida hakuna ndege ambayo ingekuja. Zikaja. Ndege za Strikemaster kutoka Salalah zilipita kwenye uwazi mdogo kati ya mawingu na ardhi, chini sana, na shambulio likavunjika. Waasi walikuwa wameisoma tabia ya Julai sawasawa. Hali ya asubuhi ile iliwaachia marubani upenyo mwembamba.

"Wamelitengeneza wenyewe"

Uvumi wa aina hii ulivuma sana baada ya mafuriko ya Dubai ya 16 Aprili 2024, wengi wakisema ni dawa za kunyeshea mvua. Dawa hizo zipo, na Falme za Kiarabu huzitumia. Kazi yake ni kulisaidia wingu lililokwisha beba maji liyaachie zaidi kidogo. Haziumbi wingu. Mvua ile, iliyotoa takribani milimita 254 kwa chini ya siku moja katika kituo kimoja cha Al Ain, ilitokana na mfumo mkubwa wa hewa ulioonekana kwenye utabiri siku kadhaa kabla. Oman ilinyeshewa na mfumo huohuo.

Kutumia mvua kama silaha kulijaribiwa kweli, ila mbali na jangwa: kati ya 1967 na 1972 Marekani ilimwaga dawa kwenye mawingu ya Asia ya Kusini-Mashariki ili kulowanisha njia za adui wake katika vita vya Vietnam. Mwaka 1977 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku mambo hayo ulifunguliwa kutiwa saini. Na mawingu ndiyo kitu ambacho jangwa mara nyingi halina.

Lakini yule kijana wa pili kwenye benchi la kinyozi, aliyesema vumbi wamelitengeneza wenyewe, ana punje ya ukweli, bila mwenyewe kukusudia. Vita hutengeneza vumbi. Mwaka 1991 visima vya mafuta zaidi ya 600 viliwaka Kuwait, mchana ukageuka jioni na joto la chini ya moshi likashuka. Wapo wanasayansi waliohofia dunia nzima ingepoa. Haikutokea, kwa sababu moshi haukupanda juu vya kutosha na mvua iliuosha. Kilichodumu zaidi kilikuwa chini ya magurudumu. Lile ganda la jangwa, changarawe iliyojipanga, chumvi, na vijidudu vinavyogandisha udongo, huchukua miaka mingi kujengeka na sekunde moja kuvunjwa na mnyororo wa kifaru. Likishavunjika, udongo laini wa chini unabaki wazi kwa kila shamal inayopita.

Ganda hilo linachukua muda gani kupona? Mwaka 1942 Jenerali Patton wa Marekani alipewa jangwa la California kufundishia wanajeshi wake kabla ya kuwapeleka Afrika ya Kaskazini. Waliondoka zamani. Njia za vifaru vyao bado zinaonekana.